Faili la Kijani na Faili la Kahawia

"Huyu si wetu," karani wa chumba namba nne alisema bila hata kuinua macho. "Hizo sauti anazosikia zitibiwe kwanza, ndipo sisi tumtoe kwenye pombe. Nenda namba tisa."

Dada mtu, fundi cherehani, alihisi damu ikimchemka. Namba tisa ndiko alikotoka sasa hivi! Huko wanatibu akili, na wamemwambia mdogo wake akae siku thelathini bila pombe kwanza, ndipo watibu sauti. Miezi mitano wanapigwa danadana kwenye korido moja ya hospitali, hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango. Jamani, mtu akae vipi siku thelathini bila kunywa huku kichwani anatukanwa usiku na mchana?

Mdogo wake, fundi baiskeli, mtaa mzima ukimwita Spana, alikuwa ameketi kwenye benchi amekumbatia mfuko wake wa nguo. Sauti zilimwanzia kabla hajaonja hata tone. Akanywa ili zinyamaze, zikanyamaza wiki mbili, halafu zikarudi na wenzao. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe ndiye aliyegonga mlango wa dada yake.

"Dada, nipeleke. Lakini iwe leo. Kesho sijui kama nitakuwa mimi."

"Faili hili," karani wa namba nne akasema, akimsukumia dada mtu jalada la kijani. "Wapelekee."

Kule namba tisa wakalitazama juu juu, wakamrudishia, wakaongeza na lao la kahawia. "Waonyeshe tulichoandika."

Haya! Miezi mitano mafaili hayo hayajawahi kukutana, leo yako mkononi mwake. Akaketi kando ya Spana, akayafungua. La kijani: *atibiwe akili kwanza.* La kahawia: *aache pombe kwanza.* Chini ya kila moja, sahihi. Akaitazama ya kwanza, akaitazama ya pili. Mkia ule ule uliopinda, jina lile lile kwenye muhuri. Daktari mmoja! Kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, Jumatatu anakaa namba nne, Alhamisi anakaa namba tisa; anasaini marundo anayoletewa na makarani, na Spana hajawahi kumwona hata kwa sura.

"Usinyanyuke hapa," alimwambia mdogo wake. "Hata wakikuita kwa jina la baba."

Akachomoa kwenye ukosi wake sindano nene ya kushonea jinzi, akatia uzi maradufu. Akapanga zile karatasi mbili sahihi kwa sahihi, akapiga mshono kuanzia juu mpaka chini, pamoja na majalada yake, kisha akarudia. Leo ilikuwa Alhamisi. Akaingia namba tisa bila kubisha hodi.

"Mama, kuna foleni!" karani alifoka.

"Foleni nimeipanga miezi mitano, baba. Nipishe."

Daktari alijaribu kuyatenganisha yale mafaili, uzi ukagoma. "Umeharibu mali ya ofisi!"

"Mimi nimeshona tu. Mmechana ninyi! Mmemkata mdogo wangu vipande viwili, kila chumba kinakataa kipande chake. Soma! Sahihi za nani hizo?"

Daktari alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti.

"Tunaweza kutibu vyote kwa pamoja," alisema hatimaye, polepole. "Dawa zipo. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo."

"Ingekuwa!" Fundi cherehani alitamani kumrushia kiti.

Daktari akainuka, akatoka mwenyewe kwenda kumwita mgonjwa. Spana aliliona koti jeupe likija. Hakungoja kuambiwa neno. Alisimama, akachukua mfuko wake, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kuelekea namba nne, kama alivyozoea kurudishwa miezi yote mitano.

Safari hii hakuna aliyemtuma. Daktari akalazimika kumkimbilia.