Kibla ya Ziwani

"Mgeni mwenyewe yule pale," Valence alisema, akielekeza kalamu dirishani. "Kakutaka wewe, mzee Osmund. Kakutaja kwa jina."

Machale yakamcheza Osmund hapo hapo. Valence, karani wa kibanda cha kuingilia msituni, hakuwa mtu wa kuficha jambo. Angekuwa na la zaidi angelisema. Osmund akachungulia. Mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mtandio wa kijivu, begi dogo mgongoni, raba miguuni. Hana kamera, hana darubini. Watu wanaopanda kuliona ziwa huja wamejining'inizia vitu hadi wanafanana na duka la vikorokoro pale Majengo. Huyu kaja mikono mitupu na jina la mtu.

"Katoka wapi?"

"Tunduru. Anaitwa Sharifa."

Sasa nani anafunga safari kutoka Tunduru kuja Songea kutazama maji?

Osmund alikuwa na sababu ya kuogopa. Kule juu, nyuma ya jabali upande wa pili wa ziwa, kulikuwa na mzinga wa nyuki. Mmoja tu. Mizinga ilishapigwa marufuku ndani ya hifadhi kwa ajili ya moto, maana mrina asali haendi bila moshi, na anayeshikwa nao harudi tena msituni. Kwa mwongoza wageni ndiyo kabisa. Angevuliwa kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, na bila kitambulisho kile Osmund alikuwa mzee tu wa Matogoro mwenye magoti mabovu na shamba la mahindi lililochoka. Kwa miaka minane kikadi hicho ndicho kilichomfanya asalimiwe kwa heshima. Basi akakata shauri moyoni: huyu katumwa kukagua. Kuna mtu kamchoma.

"Shikamoo, baba," mgeni alisema.

"Marahaba. Tangulia, mama. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Kwa kawaida anayejua njia ndiye hutangulia, lakini siku hiyo Osmund alitaka kuiona mikono ya mgeni wake.

Baridi ya Juni ilikuwa imeshika, na ukungu ulikuwa haujaachia miti. Sharifa hakuuliza majina ya ndege, wala hakusema msitu ni mzuri. Alitembea akitazama juu kwenye matawi, mti baada ya mti, kama mtu aliyeangusha kitu akakosea upande wa kukitafuta.

"Bado watu wanaweka mizinga huku?"

"Siku hizi hakuna. Imekatazwa."

"Wote walishusha?"

"Wote."

Alijibu haraka mno, na alijua. Walipofika njia panda akamwelekeza kushoto, kwenye njia ndefu inayozunguka kilima. Nia yake ilikuwa kumchosha aombe kurudi mwenyewe. Akampitisha kwenye utelezi, akampitisha kwenye miiba, akamrudisha kwenye utelezi. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yakimlilia, akayanyamazisha. Mgeni hakuchoka. Baada ya saa nzima na zaidi alisimama kando ya gogo lililoota uyoga, akachomoa kwenye gome karatasi nyekundu ya peremende.

"Hii niliibana hapa tulipopita mara ya kwanza, ulipoinama kujitoa mwiba."

Osmund akajifanya kukaza kamba za viatu.

"Nisamehe, baba. Mwanamke peke yangu, na wewe sikujui. Picha yako nimemtumia kaka yangu Abdulhamid tangu kule kibandani. Kama kuna unachonitafutia, yeye anajua nipo na nani."

Kumbe walikuwa wakichungana wote wawili. Osmund aliona haya, kisha akaona hasira, kisha haya tena. Maisha yake yote hakuwahi kudhaniwa mnyang'anyi.

"Nilipotea kidogo," alisema, uongo ambao hata yeye aliuonea huruma. Safari hii akatangulia yeye, na hawakukawia kufika.

Ziwa lilikuwa pale pale kama siku zote, dogo, jeusi, kimya, milima imelizunguka pande zote. Osmund akasimama kwenye ufuko wa karibu kabisa, mbali na jabali, akautandaza mwili wake kana kwamba angeweza kulikinga. Sharifa hakulitazama jabali. Alitazama saa, akavua raba, akachuchumaa kutawadha kwa maji yale ya baridi.

"Baba, kibla iko upande gani?"

Mkono wa Osmund ukanyooka wenyewe. Ulielekea kwenye mwanya kati ya vilele viwili, kushoto kidogo ya mti mkavu, pasipo kusita hata kidogo. Kisha ukabaki hewani, naye asijue aurudishe vipi.

Sharifa aliitazama rozari iliyochungulia kwenye kola yake. "Umejuaje?"

"Kulikuwa na mtu akiswali hapa. Juu ya jiwe hilo. Mimi nilikuwa namngoja."

"Muhsini," alisema Sharifa. "Ni baba yangu. Alifariki mwezi wa Ramadhani."

Osmund akakaa chini. Hofu ya mkaguzi ikamtoka, na iliyoingia mahali pake ilikuwa mbaya kuliko ile.

Muhsini alikuwa mwenzake wa msituni kwa miaka kumi. Mmoja akipanda mti, mwingine alishika kamba. Kamati ya msitu ilipotaka mwongoza wageni mmoja, jina la kwanza mdomoni mwao lilikuwa la Muhsini. Siku mbili kabla ya kikao Osmund alipita kwa mwenyekiti na kusema, kama anayezungumzia mvua, kwamba Muhsini bado ana mzinga ziwani. Basi. Muhsini akafukuzwa, akarudi kwenye mikorosho yao Tunduru. Osmund akapewa kadi, na kazi ya kwanza: kaushushe ule mzinga. Hakuushusha. Kila mwaka aliubadilishia kamba, akaufukuzia siafu, na asali yake hakuwahi kuitia mdomoni.

"Aliniambia nikifika nikutafute wewe," Sharifa alisema. "Nataka kuuona mzinga wake. Kama haupo, basi hata mahali ulipokuwa."

Angeweza kusema uliungua, naye angeamini. Osmund akainuka, akamzungusha nyuma ya jabali.

Mzinga ulining'inia kwa kamba mpya ya buluu, chini ya tawi, usawa wa kichwa. Nyuki waliingia na kutoka bila kuwajali. Sharifa akainua kidole akagusa ubavuni, pembeni ya njia yao: mikato mitatu na mstari chini yake.

"Alama hii iko kwenye kinu cha mama," alisema. "Iko kwenye mpini wa kila jembe. Hata mlango wa choo aliuchonga." Akacheka, na kicheko kikageuka machozi papo hapo. "Umemtunzia miaka yote hii. Mwenyezi Mungu akulipe, baba."

Osmund alitamani atukanwe.

"Ila kitu kimoja," Sharifa aliendelea, kidole bado juu ya mikato, sauti haina ubaya wowote. "Waliomshitaki walipajuaje hapa? Baba alikuwa akisema mahali hapa mlipajua wawili tu."

Nyuki walivuma.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyesema. Nilikitaka hiki." Akavua kitambulisho shingoni, akakinyoosha mbele yake kama mtu anayeonyesha kidonda.

Kidole cha Sharifa kikaondoka kwenye mzinga. Hakukipokea kile kitambulisho. Akamgeuzia mgongo akarudi kwenye jiwe, akatandika kanga, akaelekea kwenye mwanya ule ule aliokuwa ameonyeshwa.

Osmund akamfuata kwa mbali. Akakaa kushoto kwa jiwe, palepale alipozoea kukaa akimngoja Muhsini, kadi mkononi, asiweze kuivaa wala kuitupa. Aliiona sujudi ya mwisho, akamwona akiketi. Sharifa akageuza uso kulia, kwenye maji, akatoa salamu ya kufunga swala, amani kwa walio upande huo, midomo ikisogea kidogo. Kisha akaugeuza kushoto, alikokaa Osmund, na midomo ikakawia kabla ya kufunguka.