Lebo ya Tairi la Nyuma

Fundi Sikosei hakupewa jina hilo kwa heshima. Alibandikwa na wateja waliochoka kumsikia akijibu "Mimi sikosei" kila walipomuuliza kama kazi imetoka vizuri. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mikono mipana, na karakana ya mabati yenye chumba kimoja. Humo alitengeneza pikipiki ambazo mafundi wenzake walizikimbia: za zamani, za rimu za spoki, ambazo hata waliozibuni wameshastaafu.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa na kazi ya dada yake. Dada alimzidi miaka sita. Alikuwa nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji, mjane, na alikuwa akiendesha pikipiki ya kijani aliyoachiwa na mumewe. Pikipiki yenyewe waliiita Ajuza. Matairi ya Ajuza yalikuwa yamekwisha, na saizi yake haipatikani tena isipokuwa kwa tairi la tyubulesi, lile linalojazwa upepo bila tyubu. Shida ni kwamba tyubulesi linataka rimu isiyovuja, na rimu ya spoki ina matundu thelathini na sita, kila tundu linapumua.

"Si limeandikwa hapa halitaki tyubu?" Dada aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kreti, miwani puani, akisoma ubavu wa tairi kama anasoma cheti cha mgonjwa.

"Limeandikwa."

"Na wewe unalitia tyubu."

"Nalitia. Aliyeandika hakuwa anamjua Ajuza."

Kazi hiyo wengi waliiita wazimu, lakini Sikosei alijua inafanyika ukiifanya kwa adabu. Tairi la tyubulesi halikutengenezwa kuguswa kwa ndani. Lina mishono, lina matuta madogo, na lina lebo ya karatasi ngumu upana wa vidole viwili. Unatembea, tyubu inapata moto, inasugua pale pale kwenye lebo siku nzima. Lebo inakunjika kona. Kona inakula tyubu kidogo kidogo, halafu siku moja inapasuka mara moja. Kwa hiyo unaibandua lebo, unasugua kwa msasa, unafuta, unapaka poda, ndipo tyubu iingie.

Haya hakuyajua kwenye kitabu. Miaka miwili nyuma alimfungia mwalimu mmoja tairi la namna hiyo bila kubandua lebo. Tyubu ikapasuka njiani, mwalimu akavunjika mguu sehemu mbili, paja na ugoko. Sikosei alipoichana ile tyubu alikuta imelika umbo la mraba, saizi ya lebo kabisa. Tangu hapo kila lebo aliyobandua aliigandisha nyuma ya mlango wa karakana. Zilikuwa zimefika thelathini na kitu, zimepangwa mistari. Lebo ikiwa mlangoni, haimo kwenye tairi. Basi.

Tairi la mbele alilimaliza kimya kimya. Kwenye la nyuma ndipo ugomvi ulipoanza.

"Panda basi, dada," alisema, amepiga magoti juu ya tairi. "Kilomita mia na arobaini, na mlima juu yake. Una miaka hamsini na nane."

"Basi linanitia kichefuchefu."

"Ukianguka je?"

"Nitajifunga bendeji mwenyewe. Nimefunga za watu miaka thelathini."

"Unaringa tu. Unataka binti yako akuone unashuka kwenye pikipiki kama kijana."

"Na wewe unataka nikae ndani nisubiri kuzikwa? Mjukuu wangu ana siku tisa duniani, hajaniona!"

"Hajamwona mtu yeyote huyo! Macho yenyewe bado hayajakaa sawa!"

Walipaza sauti mpaka jirani, fundi wa kuchomea vyuma aliyeitwa Cheche, akainua kinyago chake na kuuliza awaletee maji au mwamuzi. Dada akacheka. Sikosei hakucheka, ila tairi likafungwa, gurudumu likarudishwa, na saa nne kamili Dada akavaa helmeti.

"Usizidishe sitini," Sikosei alimwambia. "Kila ukisimama, gusa tairi la nyuma kwa mkono. Likiwa linaunguza, usiendelee."

"Sawa, daktari."

Akaondoka bila kugeuka. Ajuza alikuwa akikohoa, lakini alikuwa akienda.

Nusu saa baadaye Sikosei alikuwa anafagia. Alirudisha kopo la poda kwenye rafu, akasukuma mlango ili atoe taka nyuma yake, na macho yakaenda kwenye zile lebo bila kukusudia. Mstari wa mwisho ulikuwa na moja mpya, ya tairi la mbele. Pembeni yake patupu.

Akaweka ufagio chini.

Alimwaga kapu la taka sakafuni. Akapekua mifuko ya ovaroli, akainua sanduku la spana, akageuza nyayo za viatu, mguu wa kwanza, wa pili, halafu wa kwanza tena. Hakuna lebo. Akakaa kwenye kreti alipokuwa amekaa Dada na kujaribu kukumbuka. Tairi la mbele alilikumbuka lote: ukucha chini ya kona ya lebo, karatasi kuchanika, kipande kilichobaki akakifuta kwa petroli. La nyuma alikumbuka maneno tu. Basi, kichefuchefu, macho hayajakaa sawa. Vidole vyake vilikuwa wapi wakati mdomo unasema hayo, hakujua.

Alipiga simu. Imezimwa. Dada huzima simu akiwa barabarani, na aliyemfundisha hivyo ni yeye mwenyewe.

"Cheche! Nipe pikipiki yako."

"Kuna nini?"

"Nimemfungia dada tairi vibaya. Labda. Sijui."

Cheche alivua kinyago chote. Miaka kumi na moja ya ujirani, neno "sijui" lilikuwa halijavuka ukuta wa mabati. Akatoa ufunguo. "Mafuta nusu," alisema. "Na breki ya nyuma..."

Sikosei alikuwa ameshawasha. Mgongoni alikuwa na begi lenye pampu, spana, vyuma vya kubandulia tairi na kopo la poda.

Barabara ilikuwa na malori. Aliyapita kushoto, aliyapita kulia, akatukanwa na dereva mmoja kwa ufasaha mkubwa. Kichwani alikuwa anapiga hesabu. Dada anakwenda sitini, yeye anakwenda tisini. Dada ametangulia dakika hamsini, lakini lazima amesimama mara moja, maana Ajuza anataka kupumzika. Mlima unaanza kilomita ya mia. Kwenye tambarare gurudumu la nyuma likikosa upepo ghafla, linayumba na unaweza kubahatika. Kwenye kona za mlima, upande mmoja jiwe, upande wa pili hakuna kitu. Mawazo yakifika hapo, anaanza hesabu upya. Alijiambia labda aliibandua. Akajibu, iko wapi basi? Kila kitu cheusi kilicholala pembeni ya barabara, mbali, kilikuwa pikipiki iliyoanguka, mpaka akifika kinageuka kuwa gunia, au kivuli, au kipande cha tairi la lori.

Chini ya mlima palikuwa na kituo cha mafuta. Akasimama bila kuzima injini.

"Umemwona mama mmoja, pikipiki ya kijani, ya zamani?"

Muuza mafuta akachukia hapo hapo. "Yule aliyenizimisha sigara na kunihubiria mapafu? Kanywa chai, kaishika-shika tairi yake, kaondoka. Hata robo saa haijapita."

Alimkuta kwenye kona ya tatu. Ajuza alikuwa anapanda taratibu, Dada amenyooka mgongo kama yuko kwenye gwaride. Sikosei akapiga honi. Dada akampungia mkono apite. Akapiga tena, mfululizo.

"Pita basi!" Dada alipiga kelele. "Barabara si ya mamako!"

"Huyo mama ni wetu sote wawili! Simama!"

Alisimama kwenye sehemu pana yenye kokoto ambapo malori hupozea breki. Akafunua kioo cha helmeti, akamtazama mdogo wake kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umenifuata mpaka huku kumalizia ugomvi?"

"Shuka."

"Sishuki."

"Dada, shuka. Sikumbuki kama nilibandua lebo ya nyuma."

Dada akazima injini, akashuka.

Dada aliangalia mdomo wa tyubu, ule wa kujazia upepo; ulikuwa umesimama wima. Aligusa tairi, lilikuwa vuguvugu tu. "Mbona iko sawa?" alisema.

"Inaweza kusimama sawa na ndani inaliwa. Shika hapa."

Walimweka Ajuza kwenye stendi ya kati. Sikosei akatoa cheni, akalegeza nati ya ekseli, akachomoa gurudumu na kulilaza juu ya koti lake. Tairi la tyubulesi linaikumbatia rimu vibaya sana, halitoki kwa kubembelezwa. Alitoa upepo, akalikandamiza kwa magoti, akaingiza vyuma, jasho likimwingia machoni. Malori yalipita yakiwarushia moshi. Ubavu mmoja ulipoachia, akavuta tyubu nje, akalifunua tairi kwa mikono miwili na kulielekeza juani.

Palikuwa safi.

Alipitisha kidole kuzunguka tairi lote. Mahali pa lebo palibaki mraba hafifu, na juu yake mikwaruzo ya msasa iliyokwenda kwa duara, namna anavyosugua yeye na si fundi mwingine yeyote. Mishono ilikuwa imelainishwa. Poda ilikuwa imepakwa nyembamba, sawasawa. Ilikuwa kazi nzuri.

"Haya!" Dada alipiga makofi. "Umeona? Sikosei hajakosea. Umeniangusha roho bure."

Sikosei alikuwa bado amelishika tairi wazi. Angeikuta lebo mle ndani angemshukuru Mungu, angeibandua, angetukana kidogo, yakaisha. Kosa unalijua lilipo. Sasa alikuwa anaangalia kazi ya mikono yake kama anaangalia ya mtu mwingine, mtu hodari, aliyeingia karakana asubuhi ile na kutoka bila kuaga.

"Tulikuwa tunagombana," Dada alisema. "Mikono ilikuwa inafanya, akili ilikuwa kwangu. Ni kawaida."

"Lebo iko wapi?"

"Kuku kala."

"Sina kuku."

Dada akachuchumaa mbele yake. Alivua miwani. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia kazini, ya chini, isiyo na haraka.

"Imeanza lini?"

"Imeanza nini?"

"We. Mimi si mteja wako."

Lori lilipita, halafu la pili. Sikosei alisubiri kelele ziishe, na zilipoisha akakosa kisingizio.

"Mwezi uliopita nilifunga karakana, nikaenda nyumbani," alisema. "Nikasimama mlangoni natafuta ufunguo. Akatoka mwanamke simjui, ananiuliza nataka nani. Ilikuwa ile nyumba ya zamani, dada. Tuliyohama miaka sita iliyopita."

"Mkeo anajua?"

"Nilimwambia pancha ilinichelewesha."

Dada hakumshika bega wala hakusema pole. Aliokota kopo la poda, akalifungua.

"Kule kwetu hospitalini," alisema, "tumbo halifungwi mpaka tuhesabu kwa sauti. Mmoja anataja, mwenzake anaangalia kwa macho, anajibu. Pamba, mikasi, sindano. Hata kwa daktari bingwa. Hasa kwa daktari bingwa, maana ndiye anayedhani anakumbuka. Taja."

"Mimi si mtoto."

"Sijasema mtoto. Nimesema taja."

Akataja. Mwanzoni kwa kunung'unika, kama mtu anayelazimishwa kuimba.

"Ukanda wa rimu."

Dada akainama, akaufuata kwa kidole kote. "Upo. Umefunika vichwa vyote vya spoki."

"Poda."

"Ipo."

"Tyubu haijajikunja."

"Geuza nione. Haijajikunja."

Sikosei alirudisha ubavu wa tairi ndani ya rimu kwa vyuma, taratibu, nusu kiganja kwa nusu kiganja, asije akaibana tyubu. Akajaza upepo.

"Nati ya mdomo wa tyubu."

"Umeiacha juu, haijabana rimu. Ndivyo?"

"Ndivyo. Tyubu ikihama, mdomo unainama, unauona mapema." Gurudumu likaingia mahali pake. "Cheni."

"Imekaa."

"Nati ya ekseli imekazwa."

Dada akashika spana, akaivuta kidogo. Nati ikazunguka nayo bila ubishi.

"Haijakazwa," alisema.

Sikosei aliitazama ile nati. Angeapa. Hapo hapo, mbele ya hakimu, angeapa kwamba ameshaikaza. Akachukua spana mkononi mwa dada yake, akaikaza mpaka ikagoma kuzunguka.

"Rudia," Dada alisema.

"Nati ya ekseli."

"Imekazwa."

Dada alivaa helmeti, akapanda. Injini ya Ajuza ilikataa mara mbili, ikakubali ya tatu. Dada hakuondoka.

"Jumatatu nitakuwa nimerudi. Saa mbili asubuhi nakufuata."

"Kwenda wapi?"

"Hospitali, unajua vizuri. Na mkeo atakuwepo."

"Jumatatu nina kazi ya mtu."

"Atasubiri. Ukisahau, nitakukumbusha."

Ulikuwa mzaha, na ulimchoma, lakini alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani. "Nenda," alisema. "Mtoto anakua."

Alisimama kwenye kokoto akimsikiliza Ajuza akipanda. Sauti ilipotea kwenye kona, ikarudi juu zaidi, ikapotea tena. Alisubiri mpaka hata yeye hakuweza kusema kama bado anaisikia au anaiwaza. Ndipo akakusanya vyuma vyake kwenye begi, akahesabu, akahesabu tena, akapanda pikipiki ya Cheche.

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye swichi alipousimamisha.

"Stendi," alisema kwa sauti.

Hakukuwa na mtu wa kumjibu. Akainama, akaangalia mguu wa stendi kwa macho yake.

"Imepanda," akajijibu, na akawasha.