Dereva Aliyeambiwa Akate

Mabati ya Nanzala yalikuwa na matundu ya misumari ya nyumba tatu. Ya kwanza ilibomolewa akiwa na mimba ya mwanawe Marvin, ya pili Marvin akiwa darasa la nne, na kila mara waliobomoa walisema pole. Hii ya tatu, hapo kambini Kapseret, ndiyo pekee iliyokuwa bado imesimama asubuhi ile, nayo ilipangiwa kubomolewa.

"Mama, usiangalie kamera," Edwin akamsihi. Edwin alitoka Nairobi na suruali ya mifuko kumi na moja, kutengeneza filamu ya uchungu wa watu wa vibarua. "Wewe lia tu kawaida."

"Kawaida vipi? Nimelia mara mbili bure, hakuna aliyeshuti!"

Tingatinga likaja likinguruma, dereva wake Murunga amenyoosha shingo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Hatua tano kutoka mlangoni, Nanzala akaipungia kamera mkono.

"Kata!" akafoka Edwin, kusimamisha kamera.

Sasa, Murunga mambo ya filamu hakuyajua. Miaka kumi na miwili alilima ngano Chepsaita, na huko trekta ikifika mwisho wa shamba, mtu hupiga kelele "Kata!" na dereva hugeuza. Basi akakata. Choo cha kambi kikaenda na maji.

"Murunga! Nyumba iko huku!" afisa msimamizi wa ubomoaji akalia kutoka hemani, chai mkononi.

"Si nimeambiwa nikate, mkubwa?"

Wakarudia. Tingatinga lilipokaribia, Nanzala akapiga chafya. "Kata!" Edwin akafoka. Likageuka tena, likaangusha ua wa kambi.

Hapo Nanzala akaelewa. Mara ya tatu hakumngoja Edwin. Alisimama mlangoni, akajaza kifua.

"Kata! Kata tena! Kata kabisa!"

Murunga, mtu wa kutii, akakata kabisa. Afisa aliruka kando huku hema, viti na birika vikisagwa, na tingatinga likatumbukia mtaroni, likainama upande. Murunga akachungulia dirishani, mzima.

"Mama, umeniharibia filamu," Edwin akalalamika.

"Filamu ni yako. Nyumba ni yangu."

Afisa akapangusa majani ya chai kwenye miwani. "Jumatatu tunaleta lingine!"

"Leteni," akasema Nanzala. "Lakini dereva awe huyu huyu."