Waya wa Kushoto

Istahil alikuwa amebana skrubu mbili kwa midomo, na ya tatu ilikuwa imeshapotelea mchangani. Miwani ya droni, ile inayovaliwa ili kuona inachokiona droni angani, ililala mezani, matumbo nje, na karani wa mradi wa mifugo na maji alisimama nyuma yake akihesabu kila kilichotoka.

"Hiyo ni mali ya mradi," karani alisema. "Haikununuliwa ifunguliwe."

"Ilinunuliwa ione," Istahil alijibu bila kugeuka, skrubu zikiwa bado mdomoni. "Na haioni."

Droni ile ililetwa Modogashe mwaka uliopita kwa ajili ya kutafuta mifugo iliyopotea. Wageni walipiga nayo picha siku nzima, wakala mbuzi wawili, kisha ikafungiwa stoo huko Garissa ikawa inatoka kwa barua. Barua ya leo iliiruhusu iruke kuanzia saa nane mpaka saa kumi, si dakika zaidi. Na kila ilipotoka, ikifika kama nusu kilomita tu, picha kwenye miwani iliingia chenga, kisha giza. Ripoti ikaandikwa kwamba wafugaji bado hawajaizoea teknolojia. Istahil, aliyerusha droni kwenye arusi za Garissa miaka mitatu kabla ya kurudi kwao kufungua kibanda cha kutengeneza simu, aliisikia ripoti hiyo akacheka kwa hasira.

Leo hakuwa na hamu ya kucheka. Mlangoni mwa kibanda, juu ya jerikeni tupu, alikaa Qali, dada ya mama yake, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Ngamia tisa wa Qali walikuwa wamepotea siku ya nne sasa, watatu kati yao wakiwa wa maziwa. Maziwa hayo yaliyokuwa yakipanda gari la Garissa kila alfajiri ndiyo yaliyokuwa chakula chake, dawa yake na heshima yake. Alikuwa amefuata nyayo siku mbili kwa miguu mpaka upepo ukazifuta. Pikipiki ya kuzunguka porini haikukodika tena, kwa jinsi petroli ilivyopanda. Na ngamia hata awe mvumilivu namna gani, kiangazi hiki kilikuwa kimeshamla nundu.

"Ukiharibu, unasaini hapa," karani alisema, akisukuma karatasi mezani.

"Na nikitengeneza, nasaini wapi?"

Karani aliiangalia karatasi yake pande zote mbili. Hapakuwa na mahali. Istahil akasaini palipokuwepo.

Dawa ya lile giza alikuwa ameiandaa tangu jana. Antena ya kiwandani ya miwani ilikuwa kijiti kinachosikiliza pande zote na hakisikii vizuri upande wowote. Yeye alikata kisahani kwenye bati la kopo la maziwa, akachuna waya wa shaba wa umeme, akauzungusha mara saba kwenye kalamu nene ya kuandikia ubaoni, ukawa kama springi. Antena ya namna hiyo husikia mbali, mradi tu uielekeze uso kwa uso na droni. Aliilehemu, akaifunga mbele ya miwani, akaivaa. Saa nane kamili droni ikapaa.

Ikafika mita mia tatu, chenga. Mia nne, giza.

Hata ile nusu kilomita ya kijiti haikufika. Droni ilirudi yenyewe ikatua kwa vumbi, na Istahil akaivua miwani akiwa anatokwa na jasho. Betri moja ilikuwa imekwenda. Zilibaki mbili.

"Si nilisema?" karani alisema. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sana kuwa amesema. "Mtaalamu wetu Nairobi ataiangalia. Mwezi ujao, au ule mwingine."

Qali aliinua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuongea na wageni, z ikigeuka s na p ikigeuka b. "Mwesi ujao ngamia yangu itakuwa mifuba, bwana."

Istahil aliiokota droni akaigeuza. Kwenye mkia wake kulikuwa na antena ndogo ya kurushia picha, yenye kofia ya plastiki, na ile kofia ilikuwa imepasuka kwa kutua vibaya. Alichungulia ndani ya ufa. Vijiwaya vinne vilikuwa vimejipinda, vimelala upande mmoja. Akachukua skrubu kutoka mezani akaiweka kando yao. Nyuzi za skrubu zilipanda kulia. Vijiwaya vilipanda kushoto.

Akaitazama springi yake. Ilipanda kulia, sawasawa na skrubu.

Alikaa chini pale pale mchangani. Droni ilikuwa inatuma picha yake ikizunguka kushoto, na miwani ilikuwa inasikiliza kulia. Hata kile kijiti cha kiwandani, mtu fulani huko stoo alikichagua cha kulia, na Istahil alijua kwa nini, maana hata yeye hakujiuliza. Nani katika nchi hii huanza jambo jema kwa kushoto? Unakula kwa kulia, unasalimia kwa kulia, unaingia msikitini kwa kulia. Alipoushika ule waya jana alisema bismillahi, akauzungusha kulia, akaona amemaliza.

"Nini?" Qali aliuliza kwa Kisomali.

"Nimeuzungusha upande usio wake, habaryar," alijibu, kama aitwavyo mama mdogo. "Unatakiwa kushoto."

Qali akasogea, akaushika mkono wa kushoto wa Istahil akaugeuza kiganja juu, kama anayetafuta mwiba.

"Gurey," alisema taratibu. Ndivyo anavyoitwa mtu wa mkono wa kushoto, na ndilo jina ambalo Istahil alipigiwa mpaka likamtoka. "Huu mkono mimi ndiye niliyeufunga kwa kitambaa. Mwaka mzima. Mwalimu wa Kurani pale dugsi alisema usipofungwa utaandika aya kwa mkono wa chooni."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unalia usiku. Na mimi nilikuwa nalia, ila sikukuonyesha." Akauachia. "Utumie basi. Mungu ameuumba na huo."

Istahil akajifanya anatafuta koleo. Alikinyoosha kipande kipya cha waya, akaishika kalamu kwa mkono wa kulia, akaanza kuzungusha kwa kushoto. Alidhani vidole vitakuwa vimesahau. Wapi! Vilikwenda vyenyewe, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ikitoka sawa bila kupimwa, na alimaliza saba kabla karani hajamaliza kusema kwamba ni saa tisa na dakika ishirini.

Akailehemu springi mpya mahali pa ile ya jana, akabadilisha betri, na droni ikapaa tena. Nusu kilomita, picha safi. Kilomita moja, safi. Istahil aliona kivuli cha kila mti wa mgunga.

"Mbili," alisema. "Mbili na nusu."

"Usivuke barabara ya Isiolo," karani alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ya mtu anayetaka kuona.

Kwenye kilomita ya tatu na kitu, chenga mbili tatu zikapita. Istahil akageuza shingo kidogo, picha ikatulia. Na pale chini palikuwa na uzio wa waya, tangi jipya la buluu, paneli za jua zinazong'aa. Nje ya uzio, wamejipanga vichwa vikielekea tangi, ngamia.

Aliiacha droni ielee palepale, akavua miwani, akamvika Qali juu ya ushungi wake, akamshika kidevu ili asiipotezee uelekeo.

Qali akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na alipofika wa tisa akavua miwani, akakaa tena juu ya jerikeni lake.

"Wamenusa maji," alisema. "Kumbe nilipofuata nyayo wao walizunguka wakarudi. Wamesimama hapo wanayanusa."

Karani aliomba aone. Alipoona, uso wake ulibadilika. "Hapo usirekodi," alisema haraka. "Hicho ni kisima cha mradi."

"Inarekodi tangu ilipopaa," Istahil alisema.

"Kina maji?" Qali aliuliza.

"Kina. Lakini hakijafunguliwa. Tangu Januari tunamsubiri mgeni wa heshima aje akifungue. Kuna utepe, kuna jiwe la jina, mama, haiwezekani tu mtu…"

Qali alikuwa ameshasimama. Aliingia kibandani akatoka na nyundo ya Istahil, akaokota jerikeni lake.

"Yeye ako na kasi mingi, huyo mgeni," alimwambia karani kwa upole. "Mwambie akae tu, abumsike. Mimi nimefika. Mimi nafungua."