Sikio la Kushoto la Kezironi

Saa nne kasorobo asubuhi, Provia alikuwa kwenye benchi la ofisi ya fidia za askari mjini Mbarara, akimpangusa mumewe vumbi la kijijini kwao Kashojwa mabegani. Mwaka ulikuwa 1983. Rufaa ya kwanza ilikuwa imerudi na mstari mmoja: hakuna ushahidi kwamba Kezironi alipoteza masikio kazini. Leo ushahidi umeletwa.

Sikio la kufa halisikii dawa, na ya Kezironi yalikufa yote mawili kwa bomu moja, vita vya sabini na tisa. La kulia lilikufa kimya. La kushoto lilibaki na vita ndani, na kila siku saa nne kamili lilivitoa nje kwa sauti. Majirani walishazoea, saa hiyo walifupisha kamba za mbuzi, wakaendelea kupalilia maharage.

Pembeni alikaa Mastulah, muuza vitenge wa Nyamitanga. Mwanawe Zubairi alikufa kwa bomu hilohilo, katika handaki moja na Kezironi, naye amekuja kuwa shahidi.

Karani Kamugisha alikuwa akichonga penseli saa ilipofika. Sikio likaanza: buti kwenye matope, sajini akifoka, "Kezironi, lala chini!", kisha mlipuko ulioangusha vumbi la dari juu ya mafaili. Halafu sauti ya kijana: "Ndugu yangu, maji. Maji kidogo tu."

"Huyo ni mwanangu," alisema Mastulah.

Kamugisha akapuliza vumbi. "Nimesikia vizuri sana."

"Asante, afande," alisema Provia. "Basi andika."

Akaandika, akawasomea: sikio la mwombaji linafanya kazi. Rufaa imekataliwa.

"Jamani! Yeye mwenyewe hasikii kitu!"

"Mama, ofisi yote imesikia. Hiyo sikio iko mzima."

Provia akamgeukia mumewe. Kezironi alikuwa akimtazama usoni, anatabasamu, anangoja aambiwe wameshinda. Mkewe akamshika mkono, wakatoka.

Walilala kwa Mastulah. Kesho yake, saa nne, mama yule aliketi karibu na Kezironi na kikombe cha maji mkononi. Bomu likapita. Zubairi akaomba.

"Haya, baba, maji haya," alisema Mastulah, akakisogeza kikombe kwenye sikio.

Kezironi alikiona, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru. Sikio likaendelea kuomba maji.