Hita ya Optatus

“Imezima tena!”

Nilipaza sauti makusudi ili baba asikie. Akaja, akasimama koridoni pale pale alipozoea kusimama, macho kwenye sakafu.

“Fungua plagi,” akasema. “Tazama nyaya.”

“Si uingie utazame mwenyewe? Mimi nimekuwa fundi tangu lini?”

“Paskazia. Fungua plagi.”

Nikaifungua kwa ncha ya kisu, huku nikinung'unika. Skrubu ilikuwa imelegea na waya umechomoka. Kama jana, kama juzi. Nikaubana, hita ikawaka. Kitandani, kaka yangu Optatus alikuwa amejifunika mablanketi mawili na bado meno yalikuwa yakigongana. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama mlango.

Ilikuwa Julai, na mtu asiyeijua Dodoma haamini nikimweleza ule upepo. Unapita chini ya milango ya mtaa wetu wa Chang'ombe na vumbi lake, unakuingia mpaka kwenye mifupa. Mwenye mwili hujikunyata, yakaisha. Optatus hakuwa na mwili tena. Hita niliinunua sokoni, miaka ile maduka yalipofurika mali za Dubai baada ya sisi kuzoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Niliilaani, nikawalaani walioitengeneza, na ukoo wao.

Optatus alikuwa fundi redio Dar es Salaam. Alirudi nyumbani wakati wa Pasaka na begi moja, amekonda. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Majirani walisema “ule”, wakanyamaza. Baba, fundi mstaafu wa karakana ya reli, ndiye aliyemwogesha Optatus utotoni kwa mikono yake mwenyewe baada ya mama kufariki. Lakini tangu Optatus aliporudi, hakuvuka kizingiti cha chumba kile hata mara moja. Shikamoo ya mwanawe aliiitikia akiwa nyuma ya ukuta. Aliogopa, na aliona haya, na mimi nilimchukia kwa yote mawili.

Siku hiyo hita ikazima kwa mara ya tatu. Nikakitupa kisu.

“Mimi basi! Atakufa kwa baridi, baba, na wewe umesimama hapo kama mgambo!”

Kisha nikasikia sanduku la vifaa likifunguliwa, na baba akaingia.

“Shikamoo, baba,” Optatus akasema.

“Marahaba.”

Akapiga magoti, akaifungua plagi, akaigeuzageuza. Alijua skrubu za kila aina, na alijua kwamba hii haikulegea yenyewe. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akasogea kumwekea mto vizuri, na mkono wake ukagusa kitu. Akakitoa nusu tu, nikakiona: bisibisi ndogo ya kufungulia redio.

Nikafumbua mdomo. Baba akanikazia macho, nikaufumba. Akairudisha bisibisi chini ya mto, taratibu.

“Mashine mbovu kweli hii,” akasema. “Itabidi niwe naiangalia kila siku.”

“Kila siku, baba?” Optatus akauliza.

“Sasa nifanyeje? Ndiyo ubovu wake.”

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Optatus aliita mwenyewe, “Baba, imezima!” na baba akaingia na vifaa vyake. Aliitengeneza mara moja, akabaki mpaka mchana wakibishana habari za injini na redio. Alimpaka mafuta miguuni. Nilikwenda kulia jikoni, kwa furaha na kwa hasira, sijui ipi ilizidi.

Asubuhi moja ya Agosti, baba aliketi koridoni na sanduku magotini, akisubiri kuitwa. Huo ulikuwa mchezo wao, na hakutaka kuuharibu. Jua likapanda. Nikapika uji, nikauipua. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na joto lilitufikia pale tulipokaa.

“Leo haijazima,” baba akaninong'oneza, akitabasamu. “Mwache alale.”

Tukamwacha. Hita iliwaka vizuri asubuhi yote, ndiyo maana tulichelewa kujua.