Kabla Sindano Haijagusa
…ni protini, hata ukiniamsha usingizini nitakwambia ni protini, chumvi haina sura hii, chumvi ina kingo kali na majivuno, hii imejilalia ndani ya tone lake, ndogo kuliko punje ya sukari na peke yake, miezi yote ile ya kuchanganya na kusubiri imezaa fuwele moja tu, nami nimeinamia hadubini na sindano mkononi, na nyuma yangu Glenys anatafuna mkate wake wa nyama huku akisema jambo kuhusu teksi ya kwenda uwanja wa ndege kesho, Glenys ndiye mkuu wa maabara, na sheria ni yake, fuwele haipandi ndege kwenda Melbourne kwenye mashine ya eksirei kabla haijachomwa sindano, ikipasuka, tik, ni chumvi, ikimong'onyoka kama jibini ni protini, basi, mtihani umekwisha, na fuwele imekwisha pia, hapo ndipo penye uchungu, ukweli unaupata na kitu chenyewe huna, na zamu yangu ya kesho kwenye mashine anaichukua Duy, Duy mwenye fuwele za kumwaga, amevunja tatu asubuhi huku anapiga mluzi… "Tepora, mpenzi," anasema Glenys, "unaipima au unaichumbia?" na Duy anacheka, acheke tu, si ndiye huyu aliyepeleka chumvi mwaka jana, mashine nzima ikashinda inapiga picha chumvi, akarudi Brisbane akakuta chupa ya chumvi ya mezani juu ya kompyuta yake, ndiyo desturi yetu, unakaa nayo mpaka mwingine akosee, mimi siogopi chupa, mimi naijua protini yangu, mnyororo wa shanga unaojikunja wenyewe hadi upate umbo, na umbo lake ndiyo kazi yake, ukiukunjua umeiua, yai likishaiva nani amewahi kulirudisha bichi, na hii yangu ni nyuzi mbili zilizosokotana, zimesimama juu ya ngozi ya bakteria wa koo, koo tu jamani, Lafaele mdogo wangu aliumwa koo kule kwetu Apia, Mama akampa maji moto ya ndimu, sote tuliumwa makoo, nani anampeleka mtoto hospitali kwa koo, kisha magoti yakavimba, kisha moyo, walinzi wa mwili wake walijifunza umbo la protini hii wakawaua bakteria, vizuri, wakaingia moyoni wakakuta protini nyingine yenye msokoto unaofanana, yake mwenyewe, ya kuzaliwa nayo, wakaishambulia hiyo nayo… "Askari wangu wamenipiga risasi," husema Lafaele, "halafu wakaenda kula," na shangazi anayeishi naye sasa kule Logan humpiga kofi la begani kwa kufanyia mzaha ugonjwa, mtu ana vali ya chuma moyoni, kanisa likinyamaza unaisikia, na bado anabeba masufuria ya Jumapili, nilimwahidi picha, nitakuonyesha hasa mahali zinapofanana, akasema ilete, nitaitukana kwa Kisamoa mpaka ione haya, na picha iko hapa, ndani ya tone hili, nampenda yule mtoto, sitaki kumwambia subiri tena… mwanga wa zambarau, ule unaozifanya protini nyingine zing'ae, hausaidii, protini yangu haina kile kipande cha kung'aa, Glenys anakung'uta makombo, sasa sauti yake imeshuka, "Tepora, sikia. Ukiniambia una uhakika, naivunja sheria yangu. Inapanda ndege ikiwa nzima," na Duy hacheki tena, na mimi ninao uhakika, ninao tele, mdomo umeshafunguka niseme ninao… na wale je, walinzi wa Lafaele, wao hawakuwa nao? walikuwa nao kuliko mimi, waliona msokoto wakasema ni yeye, hawakuuliza mara ya pili, moyo wa mtoto ukaliwa na watu wenye uhakika, Mungu wangu, na mimi nimekaa hapa naitazama sura, sura tu, nasema naijua… inauma, siwezi kusema haiumi, lakini subiri, ikimong'onyoka, makombo yake ni mbegu, unachovya sharubu ya paka wa Glenys humo, unaiburuza kwenye matone mapya, fuwele zinaota kwenye mstari wake, nimewahi kuona, nitaziotesha nyingi kuliko za Duy, na kama ni chumvi, afadhali nijue leo kuliko kumpelekea Lafaele picha ya uongo aitukane bure, naweza, mikono hii iliotesha moja, itaotesha nyingine, na Lafaele nitampigia mwenyewe, atanitania kwanza halafu atanyamaza, nitakuwa naye hata akinyamaza… "Glenys," nasema, sijainua macho, "tiketi mpe Duy," tone limetulia, fuwele bado nzima, sindano bado iko juu yake, nami naanza kuishusha.